Kutazama ndege wa Mida: Kalenda ya mwezi kwanza, likizo baadaye

VIKUNDI vya watazamaji ndege kutoka mijini vinapopanga safari ya pwani, maswali ya kwanza huwa ni likizo ya shule, nauli na malazi. Maswali hayo yana uzito wake, lakini hayatoshi. Ndege wanaokula kwenye tope na fukwe hawafuati kalenda ya ofisi. Wao hufuata pepo za msimu, mwezi na maji.

Mfano ulio wazi ni Hori ya Mida, karibu na mji wa Watamu, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Hori hiyo iko kaskazini mwa Mombasa na imezungukwa na mikoko. Maji yanapokupwa, hubaki uwanda mpana wa tope wenye kaa, konokono na minyoo, ambao ni chakula cha maelfu ya sululu, vitwitwi na jamaa zao.

Kosa la kwanza la wapangaji huhusu maana ya kiangazi. Mgeni kutoka Ulaya huja Juni au Julai, majira ya joto kwao. Wakati huo ndege wengi waliokomaa wako kaskazini ya mbali, hata Siberia, wakitaga na kulea. Wanaobaki Mida ni wachache, hasa wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Wakubwa huanza kurejea Agosti. Kwa hiyo kikundi kinachotegemea likizo ya Agosti kitauona mwanzo tu wa msimu. Anayetaka makundi makubwa asubiri kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto lenyewe la pwani hii.

Kosa la pili ni kuyasahau maji. Yakishakupwa, ndege hutawanyika mbali na huonekana kama nukta, hata kwa darubini. Siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani hii hujaa alfajiri na alasiri. Kikundi kitakachofika mapema mchana na kutulia kitaona maji yakipanda na kuwasogeza ndege hatua kwa hatua hadi karibu na watazamaji. Siku za maji mafu nafasi hiyo hupungua, kwani sehemu kubwa ya tope huweza kubaki wazi.

Hata hivyo, saa hiyo nzuri kwa mtazamaji ndiyo saa ya ndege kupumzika. Mtu mmoja akishuka topeni kutafuta picha, kundi zima huruka. Machi na mwanzoni mwa Aprili hasara huwa kubwa zaidi, kwa sababu ndege wanaweka mafuta mwilini kwa ajili ya safari. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, anayezaliana Siberia, ana uzito wa gramu 60 hivi, na huko aendako ni zaidi ya kilomita 8,000. Kila anaporushwa bure hupoteza sehemu ya akiba hiyo.

Tahadhari hii ina sababu. Oktoba 2024, spishi 16 za ndege wa pwani wanaohama zilipandishwa daraja la hatari katika orodha ya IUCN, akiwamo kitwitwi huyo. Oktoba 2025, sululu mwenye mdomo mwembamba, ambaye mara ya mwisho alionekana kwa uhakika nchini Morocco mwaka 1995, alitangazwa kutoweka kabisa duniani. Ndege wa namna hii hutegemea mnyororo wa vituo. Kimoja kikifukiwa kwa ujenzi, vilivyobaki haviwezi kuziba pengo.

Mnyororo huo waonekana pia kwa ndege mla kaa, mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, ambaye huwavutia wageni wengi Mida. Yeye huzaliana katika pwani za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, akitaga kwa kawaida yai moja ndani ya shimo alilochimba mchangani. Huja kusini wakati uleule majahazi yalipokuwa yakisubiri upepo wa kaskazi. Kwa yai moja, idadi iliyopungua huchukua miaka mingi kurudi.

Je, basi, wageni wazuiwe? La. Tope lisilo na faida kwa jirani yake hukosa mtetezi anapotokea mwenye mpango wa kujenga. Mida, ada za daraja la mbao linalopita mikokoni zimechangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazouzunguka Msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hiyo, kupitia mpango wa ASSETS ulioanzishwa mwaka 2001. Mzazi anayelipiwa karo kwa sababu ya ndege ana sababu ya kuilinda mikoko.

Hivyo safari njema ni ile inayopangwa kwa kutazama kwanza jedwali la maji, ikiwa na watu wachache, ikiongozwa na mwenyeji anayelipwa haki yake, na isiyotoka darajani. Kikundi kikiondoka huku ndege wakiwa bado wametulia walipowakuta, kitakuwa kimefanikiwa.