Daftari la Wiki: Kushuka Lindi

Kwetu Nachingwea mtu hashuki Lindi bure. Ana mgonjwa, ana kesi, au anafuatilia karatasi zilizokwama mkoani. Jirani yangu aliponiona stendi alfajiri na begi, aliuliza kwa huruma, "Mgonjwa nani?" Nikamjibu naenda kuangalia bahari. Alinitazama kidogo, kisha akaniagiza pweza mkavu.

*

Ruangwa wamepanda watatu, na kabla hawajakaa vizuri gari zima linazungumza Namungo. Wana haki. Timu ya mji mdogo kama ule ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba. Walifungwa, ila hilo usiwakumbushe ukiwa umeketi katikati yao.

*

Kuna wakati safari hii ilikuwa ya treni. Waingereza walileta matrekta Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 kulima karanga za kukamua mafuta, wakajenga reli ya kuzishusha pwani. Mwaka 1951 mpango ukafa: mashine ziliharibika, mvua haikufuata ratiba ya wakubwa wa London, na karanga za kujaza mabehewa hazikuonekana. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo korosho na ufuta wetu vinashuka kwa malori, na basi letu limekaa nyuma ya mojawapo kuanzia Nyangao karibu hadi Mnazi Mmoja.

*

Lindi ina ghuba nzuri kuliko inavyojisifu. Jioni nilikaa ufukweni kutazama watu wakivuka kutoka Kitunda, ng'ambo, na ndoo na baiskeli zao. Mama mmoja alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha, yenye chumvi na pilipili. Nilimwamkia, nikauliza imetoka wapi. "Huko huko kwenu, mwanangu." Nimesafiri kutwa nzima kuja kula mzizi wa nyumbani.

*

Siku iliyofuata niliulizia Tendaguru. Kilima hicho, kaskazini-magharibi ya mji, ndicho walikochimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na kutoa mifupa ya mijusi wakubwa walioishi miaka milioni 150 iliyopita. Wanaotajwa sana ni wataalamu wa Berlin, lakini waliochimba ni mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Waliofikisha mizigo bandarini Lindi ni wapagazi: mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, jiwe kichwani, kisha kurudi kuchukua jingine. Mjusi mmoja sasa amesimama katika jumba la makumbusho Berlin, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, na watoto wa Kijerumani hupelekwa na walimu wao kumwona.

Dereva wa bodaboda aliniambia kwa uungwana kwamba nauli nitalipa, ila nikifika nitaona majani. Nikaghairi. Kurudishwa kwa mjusi kunabishaniwa kila mwaka, na mimi sina haraka na ubishi huo. Ninachotaka ni kidogo: nakala yake, hata ya plasta, isimame Lindi mjini, na chini yake liandikwe jina la Boheti.

*

Pweza nimemsahau. Msomaji unayeshuka na mgonjwa wiki hii, tafadhali nichukulie mmoja. Pesa utaikuta kwangu.