Jumatatu ni siku gani?

Mwaka jana chefu wa kartie yetu alinipa karatasi ya Kifaransa yenye muhuri. Iliwataka wauzaji waondoke kwenye «emprises de la voie publique» kabla ya Jumatatu. «Wewe unasoma lugha,» aliniambia, «tuandikie mu Kiswahili, batu basikie.»

Niliona fahari. Niliandika kama tulivyofundishwa: wafanyabiashara wote waondoke katika hifadhi ya barabara kabla ya Jumatatu. Hakuna kosa la sarufi hata moja. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa butiki.

Kesho yake baada ya Jumatatu hiyo, meza zikavunjwa. Mama mmoja jirani yetu, muuza maharagi na mawese, alipoteza meza na beseni. Si kwamba alikataa kutoka. Anajua kusoma, na karatasi aliisoma mwenyewe. «Mutoto wangu, uliandika juma tatu. Nilijua niko bado na siku.»

Kwake, kama kwa wengi hapa Butembo, siku zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza, ile ambayo Dar es Salaam wanaiita Jumatatu. Siku ya tatu yetu ni Jumatano yao. Watu wa pwani wanaanza kuhesabu Jumamosi, baada ya Ijumaa ya sala. Sisi tunaanza baada ya siku ya Mungu. Jambo hilo nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani, tena vizuri. Neno hifadhi hakulielewa kabisa, lakini alilipita kwa sababu alitafuta siku. Na mimi sikuandika hata tarehe kwa nambari!

Katika kitivo chetu tunabishana kila mwaka: Kifaransa au Kiswahili? Tunataja Katiba ya 2006, ambayo katika kifungu cha 1 inaweka Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na katika kifungu cha 142 inaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne ndani ya siku 60. (Hiyo ni kwa sheria, najua, si kwa matangazo ya soko na uchafu.) Lakini nani kati yetu ameuliza ni Kiswahili kipi kitakachobandikwa ukutani?

Swali si geni hapa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2.200 walikufa, wengi wao katika eneo letu la Beni na Butembo. Shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha za ujumbe wa wakati ule, likakuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu viliwapita watu wengi. Baada ya somo kama lile, mimi nilirudia kosa lilelile na kalamu yangu.

Na karatasi ndiyo karibu kila kitu tulicho nacho. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inaipa komini baraza la washauri waliochaguliwa, watu ambao wangerudi nyumbani jioni na kueleza kilichoamuliwa. Desemba 2023 washauri hao walichaguliwa tu katika miji mikuu ya majimbo. Vulamba, Kimemi, Mususa na Bulengera tulipiga kura nyingine, hiyo hapana.

Walimu wengine watanijibu kwamba nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwamba kijana aliyefungwa katika Kiswahili cha Butembo hatapata kazi Nairobi. Ni kweli, na mimi pia nataka hiyo kazi. Ila yule mama haendi Nairobi. Anataka kujua beseni litoke lini.

Siku hizi chefu akileta karatasi, ninaandika hivi: «Mutoe meza kando ya barabara mbele ya siku ya kwanza», na tarehe kwa nambari. Kisha ninaenda sokoni kuisoma kwa sauti mbele ya watu watatu, mmoja awe mzee wa Kinande tu, anayetafsiriwa na mjukuu wake. Wakikunja uso, ninafuta. Hapo nimesahihishwa kuliko katika auditwari yoyote.

Nimeomba matangazo ya komini yawe kazi yangu ya mwisho. Nimeambiwa mada ni ndogo. Nimeomba tena.