Afya ya Umma kwa Lugha ya Nani?

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Ijapokuwa kauli hii hutajwa kila uchao, ni wachache wanaotambua kuwa imekuwa taaluma kamili inayosomewa shahada katika vyuo vikuu kadhaa nchini Kenya. Daktari humngoja mgonjwa hospitalini. Mtaalamu wa afya ya umma huuliza ni kwa nini mgonjwa huyo aliugua, ni kwa nini jirani yake ameugua vilevile, na ni hatua gani ichukuliwe ili mtu wa tatu asiugue. Kwa ajili hiyo, mwanafunzi wa afya ya umma husoma epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi maradhi yanavyoenea katika jamii. Husoma pia takwimu, lishe, usafi wa mazingira, sera za afya na mbinu za kuielimisha jamii. Mwishowe hutahiniwa, akafuzu na kuvikwa joho.

Hata hivyo, kuna pengo ambalo joho hilo haliwezi kulifunika. Mihadhara aliyoisikiliza, vitabu alivyovisoma na mitihani aliyoiandika vilikuwa vya Kiingereza, ilhali mama atakayemkuta kisimani hazungumzi Kiingereza. Makala haya yanashikilia kwamba msomi wa afya ya umma asiyeweza kuieleza taaluma yake kwa Kiswahili fasaha, au kwa lugha nyingine inayozungumzwa na jamii anayoihudumia, hajakamilisha masomo yake hata akiwa na alama za juu. Upungufu huu haumhusu mwanafunzi peke yake. Unavihusu pia vyuo vilivyomfunza, na vilevile wale wanaojiita wapenzi wa Kiswahili.

Ni vyema kwanza kuitalii taaluma yenyewe. Mnamo Septemba 1978, wajumbe wa mataifa mengi walikutana mjini Alma-Ata, ambao sasa huitwa Almaty na umo nchini Kazakhstan. Walitoa azimio kwamba huduma za afya ya msingi zimfikie kila mtu pale anapoishi, na kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuzipanga. Miaka minane baadaye, Novemba 1986, mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu ukuzaji wa afya ulifanyika Ottawa, Kanada. Mkataba uliotoka huko ulitaja nyanja tano za kazi: kutunga sera zinazojali afya, kuandaa mazingira yanayoisaidia afya, kuimarisha juhudi za jamii, kukuza maarifa na stadi za mtu binafsi, na kuzielekeza upya huduma za afya ili zisishughulikie tiba pekee. Kenya yenyewe ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa saba wa aina hiyo, uliofanyika Nairobi Oktoba 2009. Kiini cha mikutano hii yote ni kimoja, nacho ni kuwawezesha watu kuwa na usemi na udhibiti juu ya afya yao wenyewe.

Swali linalozuka ni hili: mtu atakuwaje na usemi juu ya jambo linalojadiliwa kwa lugha asiyoielewa?

Ugumu huanzia kwenye jina lenyewe. Taaluma hii wakati mwingine huitwa uhamasishaji wa afya. Neno hili si baya, lakini ni finyu. Kuhamasisha ni kuamsha ari: kupaza sauti sokoni, kugawa vijikaratasi na kubandika mabango ukutani. Kazi hiyo inaingia katika nyanja moja tu kati ya zile tano, ile ya kukuza maarifa na stadi za mtu binafsi, na hata hiyo haiimalizi. Nyanja nne zilizosalia hupotea njiani wakati wa kutafsiri. Neno ukuzaji lina upana zaidi, kwa kuwa kinachokuzwa hupaliliwa, humwagiliwa maji na hulindwa. Anayesema anakuza afya hawezi kuridhika na kipaza sauti pekee.

Mfano wa kipindupindu unaidhihirisha tofauti hii. Maradhi haya huenezwa na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi chenye viini vyake. Yalipozuka tena nchini Kenya Oktoba 2022 na kuenea katika kaunti kadhaa, ujumbe uliotarajiwa ulisikika: chemsheni maji, naweni mikono. Ujumbe huo ni sahihi. Lakini mkazi wa mtaa wa mabanda, anayenunua maji kwa mtungi na makaa kwa kopo, anaweza kuuelewa ujumbe neno kwa neno na bado asiweze kuutekeleza. Mhamasishaji atasema kwamba watu ni wakaidi. Mkuzaji wa afya atauliza bei ya makaa, atakagua mfereji wa maji unaopita kando ya mtaro wa maji taka, na atalipeleka suala hilo kwenye bunge la kaunti. Hata John Snow, daktari Mwingereza aliyechunguza kipindupindu jijini London mwaka wa 1854, hakutosheka na kuwaonya watu. Aliwashawishi viongozi wa mtaa wauondoe mkono wa pampu iliyokuwa ikitoa maji machafu. Bila shaka, mtu hawezi kuuliza bei ya makaa wala kusikiliza malalamiko ya mtaro kwa lugha ambayo wenye mtaa hawaitumii.

Fauka ya hayo, lugha ya afya ina mitego ambayo tafsiri ya papo kwa papo haiwezi kuitegua. Chukua neno chanya. Katika maabara, matokeo chanya humaanisha kwamba kiini cha ugonjwa kimepatikana. Katika mazungumzo ya kawaida, jambo chanya ni jambo jema. Mhudumu anayemwambia mtu kwamba matokeo yake ya kipimo cha virusi ni chanya anaweza kumwona akitabasamu na kushukuru Mungu. Chukua pia neno homa. Kuna wanaolitumia kwa maana ya joto la mwili kupanda, wengine kwa maana ya mafua, na wengine kwa maana ya malaria. Mwanafunzi atakayezuru nyumba kwa nyumba akiuliza ni watoto wangapi waliopata homa atarudi na takwimu zinazochanganya maradhi matatu. Hesabu zake zitakuwa safi, ila msingi wake utakuwa wa mchanga.

Isitoshe, maneno hubeba hofu na matumaini. Kupanga uzazi na kuzuia uzazi huweza kurejelea kidonge kilekile, lakini la kwanza humpa mwanamke mamlaka ya kuamua, ilhali la pili humtia hofu kwamba hatazaa tena. Chanjo nayo inatokana na kitenzi kuchanja, ambacho kilihusu kukata ngozi kabla ya kuhusu sindano, na sasa neno hilo hutumiwa hata kwa matone ya polio yanayodondoshwa kinywani. Katika Pwani, degedege la mtoto limehusishwa na wengi na ndege au pepo, na kwa sababu hiyo mtoto mwenye malaria kali huenda akapelekwa kwa mganga kwanza na hospitalini baadaye. Miongoni mwa Waluo, dalili za UKIMWI ziliwahi kufasiriwa na baadhi ya watu kuwa chira, yaani adhabu ya kukiuka miiko. Imani hizi haziondolewi kwa dhihaka. Huondolewa kwa mazungumzo, na mazungumzo huhitaji mtu anayejua neno lililotumiwa lina maana gani kwa yule aliyelitumia.

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha, kwamba vitabu vya taaluma hii vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mhitimu hushindana na wenzake katika soko la kazi la kimataifa. Mgala muue na haki mpe: hoja mbili za mwisho zina uzito. Hakuna anayedai kwamba Kiingereza kitupwe. Msomi anahitaji kusoma matokeo ya tafiti za dunia nzima na kuandika yake yasomwe na dunia nzima. Kinachodaiwa ni kwamba awe na uwezo wa kwenda na kurudi, kutoka maktabani hadi barazani, bila kuiacha maana njiani.

Hoja ya istilahi, hata hivyo, haina mashiko. Jamii ya Waswahili imeonyesha mara kwa mara kwamba haja inapobisha, lugha hufungua mlango. Ugonjwa uliokuwa mgeni kabisa katika miaka ya 1980 ulipata jina UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, jina linaloeleza maradhi yenyewe kuliko vifupisho vingi vya kigeni. Wakati ugonjwa huo ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa nchini Kenya mwaka wa 1999, jina lilikuwa tayari limeenea vinywani mwa watu. Kisa cha kwanza cha korona kilipothibitishwa nchini Machi 2020, neno barakoa, lililokuwa likijulikana zaidi kama vazi la kufunika uso la wanawake wa pwani, lilipata kazi mpya kwa muda mfupi. Huko Tanzania, jina UVIKO-19 lilibuniwa. Mwaka wa 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa hivyo, istilahi zipo, na zisipokuwepo zinaweza kuundwa. Kinachokosekana ni darasa la kuzitumia.

Pingamizi nyingine ni nzito zaidi, nayo ni kwamba Kiswahili chenyewe si lugha ya kila Mkenya. Bibi wa Lodwar au wa Mandera huenda akakiona Kiswahili kigeni sawa na Kiingereza. Hili ni kweli, na linaipa nguvu hoja ya makala haya. Mwanafunzi aliyejizoeza kuieleza taaluma yake kwa lugha ya pili, akajifunza kuuliza maneno yanamaanisha nini kwa wanaoyatumia, ataweza kufanya vivyo hivyo kwa Kiturkana au Kisomali akisaidiwa na mkalimani. Aliyezoea Kiingereza pekee hatajua hata swali la kumwuliza mkalimani huyo.

Wakati wa kurekebisha mambo ni huu. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Vifungu hivi viwili vinasomwa kana kwamba havijuani, ilhali haki ya afya isiyoeleweka ni haki nusu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao hutembelea familia majumbani, hupima shinikizo la damu na sukari, na huwaelekeza wagonjwa hospitalini. Wahudumu hawa huzungumza lugha za wananchi. Wahitimu wa vyuo vikuu ndio watakaotarajiwa kuwafunza, kuwasimamia na kuzifasiri ripoti zao. Je, ni jambo la busara kwamba msimamizi awe hawezi kusema kile ambacho msimamiwa anakisema kila siku?

Hatua za kuchukuliwa hazihitaji mabilioni. Kila shahada ya afya ya umma iwe na somo moja la lazima la mawasiliano ya afya kwa Kiswahili, lifundishwe kwa ushirikiano wa idara ya Kiswahili na kitivo cha afya. Baadhi ya vyuo, kama Chuo Kikuu cha Moi, vimekuwa vikiwapeleka wanafunzi wa afya vijijini kujifunza miongoni mwa jamii. Masomo hayo ya nyanjani yakamilike kwa mwanafunzi kusimama mbele ya baraza na kuwaeleza wenyeji, kwa lugha yao, alichokigundua kuwahusu, kisha wamhoji. Ripoti inayoishia kwenye kabati la mhadhiri haijamkinga mtu yeyote na ugonjwa wowote.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wasijifiche nyuma ya riwaya na ushairi. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka wa 2021, hotuba zimekuwa nyingi na nyimbo zimekuwa tamu. Lugha, hata hivyo, haikui kwa kusifiwa. Hukua kwa kutumwa kazi. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kukutana na wenzao wa afya ya umma na kuandaa orodha ya istilahi zinazoeleweka. Vinaweza kuyapima mabango ya afya kwa wasomaji wa kawaida kabla hayajachapishwa, na kuyakosoa yale yaliyotafsiriwa ovyo. Kazi hiyo ni uhakiki pia, na huenda ikaokoa maisha ya mtu.

Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humfichua. Pengo la lugha katika masomo ya afya ya umma ni maradhi yaliyofichwa kwa muda mrefu, na kilio chake husikika kila mlipuko unapotokea na wananchi wakaambiwa wamepuuza maagizo ambayo hayakuwahi kuwafikia. Kama kinga kweli ni bora kuliko tiba, basi kinga hiyo na ianzie darasani.