Usiniambie jina la kampuni, nipe nambari yake

Leo siandiki juu ya simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumze juu ya kitu kikavu, kitu ambacho watu wengi hukiona kwenye karatasi na kukiruka: nambari ya usajili ya kampuni.

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubali aanze kunoa jibu lake. Nambari hiyo, pamoja na jina kamili la kampuni na hali yake, Mkenya yeyote anafaa kuweza kuitafuta bure, bila kufungua akaunti, kwa rununu ya bei ya chini, awe Mutomo au Mtito Andei. Na kabla siku hiyo haijafika, sisi wa Kitui na Makueni tuanze tabia ya kuiuliza nambari kabla gunia halijawekwa kwenye mizani.

Haya, twende polepole.

Jina si kitambulisho

Jambo moja la kwanza wanalokufundisha chuoni ukisomea hifadhidata ni hili: usitumie jina la mtu kama ufunguo wa kumtambua. Ingia soko la Wote siku ya soko, uite "Mutua!" kwa sauti kubwa, uone ni wanaume wangapi watageuka. Ndiyo maana kuna kitambulisho cha kitaifa. Mutua ni wengi, lakini nambari ya kila mmoja ni yake peke yake.

Kampuni ni vivyo hivyo, tena ni mbaya zaidi kwa sababu kampuni hubadilisha majina. Kumbuka mtandao wa simu ulioanza ukiitwa Kencell mwaka 2000. Mwaka 2004 ukawa Celtel, mwaka 2008 ukawa Zain, na tangu 2010 ni Airtel. Majina manne katika miaka kumi! Kubadilisha jina hakuzai kampuni mpya mbele ya sheria. Madeni ni yale yale, mikataba ni ile ile. Jina ni shati, na shati hubadilishwa. Nambari ya usajili ndiyo inayomfuata aliyelivaa.

Nambari nyingi, lakini si zote ni hiyo

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Chukua risiti au kadi ya mfanyabiashara yeyote mjini Kitui au Emali, utaona tarakimu zimejaa. Tuzipange:

1. Nambari ya leseni ya biashara ya kaunti. Hii inaonyesha kwamba mtu amelipa ada ya kaunti kwa mwaka fulani. Mwenye kibanda cha mitumba anayo na mwenye kiwanda anayo. Haithibitishi kwamba kuna kampuni.

2. PIN ya KRA. Ina herufi mwanzoni, tarakimu 9, kisha herufi mwishoni. Ikianza na A ni ya mtu binafsi. Ikianza na P ni ya kampuni, chama, kikundi au mwingine asiye mtu binafsi. Kwa hiyo akikuambia "sisi ni kampuni kubwa" halafu karatasi ina PIN ya A, umeshajua unazungumza na nani. Tovuti ya iTax ina mahali pa kuhakiki PIN.

3. Nambari ya kulipia kwa M-Pesa. Ukilipa utaona jina, na hilo lina msaada wake. Lakini ni akaunti ya kupokea pesa, si usajili wa kampuni.

4. Nambari ya jina la biashara, inayoanza na BN. Huu ni usajili wa kweli wa serikali, ila jina la biashara si kampuni. Mbele ya sheria, biashara na mwenye biashara ni kitu kimoja. Ukidai, unamdai mtu mwenyewe.

5. Nambari ya kampuni. Za zamani zaidi utaziona zikianza na C. Kisha kulikuja zile za CPR zenye mwaka katikati, kwa mfumo wa CPR/2011/ na tarakimu zake. Za miaka ya karibuni kwa kampuni za binafsi huanza na PVT, kisha mchanganyiko wa herufi na tarakimu.

6. Nambari za ushirika na vikundi. Hizi ziko katika madaftari mengine kabisa. Chama cha ushirika husajiliwa na Kamishna wa Ushirika. Sacco inayopokea amana inahitaji pia leseni ya SASRA, na SASRA huchapisha orodha ya zilizo na leseni. Vikundi vya kijamii vina sheria yao ya mwaka 2022. Kwa hiyo usimtafute mwenye kikundi kwenye daftari la kampuni, hutampata, na si kwamba amekudanganya.

Umeona? Mtu anaweza kukupa nambari nne za kweli kabisa, na hakuna hata moja iliyo ya kampuni.

Utaipata wapi?

Mahali pa kwanza ni cheti cha usajili chenyewe. Usiridhike na picha iliyotumwa kwa simu, kwa sababu picha hutengenezwa. Wala usiridhike na muhuri wa mpira wenye neno Limited. Muhuri kama huo unachongwa River Road ukingojea chai ipoe!

Mahali pa pili ni daftari la serikali. Tangu sheria ya mwaka 2015, kazi hii iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, na milango yake ni eCitizen. Zamani mtu wa Mwingi alipanda basi hadi Sheria House jijini Nairobi kuomba faili ifunguliwe. Leo unafungua akaunti, unalipa shilingi mia kadhaa, na unaomba utafutaji rasmi. Ukihusu kampuni, karatasi inayokuja huitwa CR12. Inaonyesha wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani na wana hisa ngapi, na ofisi iliyosajiliwa iko wapi. Ukiletewa CR12 na mtu, tazama tarehe. Wakurugenzi hubadilika, na karatasi ya miaka mitatu iliyopita inakueleza habari za miaka mitatu iliyopita.

Hatua hii ya mtandaoni ni kubwa, na ninawapongeza walioifanya. Lakini haijatosha, nami nitaeleza kwa nini.

Ya mjomba na maembe

Mjomba wangu ana miti ya maembe upande wa Kathonzweni. Msimu mmoja alikuja mnunuzi mwenye gari safi na kitabu cha risiti chenye nembo ya kuvutia. Lori la kwanza alilipa pale pale. Lori la pili alisema pesa zitakuja baada ya wiki mbili. Hazikuja. Mjomba akanipigia.

"Mjomba, wanaitwaje?" nikamuuliza.

Akanitajia jina.

"Na nambari ya kampuni?"

"Nambari ninazo, mpwa wangu. Ninazo tatu!"

Alinisomea nambari ya simu, nambari ya kulipia na nambari ya leseni ya kaunti. Ya usajili haikuwepo. Nilipotafuta nilikuta majina mawili yanayofanana na lile la kwenye risiti, moja la kampuni na jingine la biashara, na hakuna lililolingana neno kwa neno. Sasa mjomba amshtaki nani? Akimshtaki asiye na hatia, atalipishwa gharama. Akinyamaza, maembe yameenda.

Hapo ndipo nambari inageuka kuwa kitu cha kuumiza. Nchi hii ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kwa njia rahisi na ya haraka. Lori la maembe linaingia humo vizuri sana. Lakini hata mahakama rahisi kuliko zote itakuuliza swali moja la kwanza: unamshtaki nani? "Wale wa gari jeupe" si jibu.

Si sisi wadogo peke yetu

Usidhani hili ni tatizo la wakulima wasiosoma. Kumbuka Anglo Leasing. Mwaka 2004, baada ya Maoka Maore kuliibua Bungeni, nchi iligundua kwamba serikali ilikuwa na mkataba wa takriban shilingi bilioni 2.7 wa mitambo ya pasipoti na kampuni yenye anwani ya Liverpool, Uingereza. Watu walipokwenda kuitafuta, anwani ilikuwepo lakini kampuni haikuonekana kwenye daftari. Malipo yaliyokuwa yametolewa yakarudishwa. John Githongo, aliyekuwa akishughulikia maadili katika Ofisi ya Rais, alijiuzulu Februari 2005.

Mawaziri, makatibu, wanasheria, saini juu ya saini. Na swali la mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni, "nambari yenu ni ipi niihakiki?", lingetosha kusimamisha kalamu ya mtu mwaminifu yeyote aliyekuwa mezani.

Na tazama jinsi Waingereza wenyewe wanavyofanya leo. Tangu 2015 daftari lao la kampuni liko wazi mtandaoni bila malipo. Unaandika jina, unapata nambari, tarehe ya kusajiliwa, wakurugenzi, hesabu zilizowasilishwa. Tena sheria yao inaitaka kampuni iandike nambari yake kwenye barua na kwenye tovuti. Mimi nikiwa Kitui ninaweza kumchunguza muuza vipuri wa Manchester bila kulipa hata senti, lakini kumchunguza anayenunua ndengu Mwingi ni lazima nilipe. Hivi hili linaingia akilini kweli?

Wanaopinga husema nini

Wa kwanza husema: "Serikali inahitaji hizo ada." Sawa, na iendelee kuuza CR12 yenye muhuri kwa benki na mawakili. Ninachotaka kiwe bure ni mstari mmoja tu: jina, nambari, tarehe, na kama kampuni iko hai au imefutwa. Ada ndogo si ndogo kwa mama anayeuza debe mbili za ndengu. Kwa hiyo hatafuti, na tapeli anajua kwamba hatafuti.

Wa pili husema: "Na faragha je?" Hoja nzuri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ninaiheshimu. Nambari ya simu na kitambulisho cha mkurugenzi visitolewe hadharani. Lakini nambari ya kampuni si siri ya mtu. Aliyetaka kulindwa na neno Limited, asidaiwe nyumba yake kampuni ikianguka, amepewa ulinzi huo na umma. Umma nao una haki ya kujua yupo.

Wa tatu husema: "Kusajiliwa si kuwa mwaminifu." Huyu namkubalia kabisa. Mwaka 2009 jopo lililoongozwa na Francis Nyenze, mtu wetu wa Kitui, lilichunguza ile michezo ya upatu iliyomeza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Wakenya. Baadhi ya waliopokea pesa hizo walikuwa na vyeti ukutani. Cheti hakimzuii mwizi. Ila kinakuambia mwizi anaitwa nani na ofisi yake ilisajiliwa wapi, na hicho ndicho mjomba alichokosa.

Kwa wenzangu waandishi wa programu

Tunaombwa kila siku kutengeneza mifumo ya vyama vya wakulima, maduka ya pembejeo, wasafirishaji. Kwenye fomu ya "mteja" tunaweka jina, simu, barua pepe, basi. Ongeza sehemu ya nambari ya usajili, na nyingine ya aina yake: kampuni, jina la biashara, ushirika au kikundi. Usiifanye iwe ya tarakimu tupu, maana mifumo ni mingi na ya PVT ina herufi. Usiitegemee kukupa mwaka wa kusajiliwa, kwa sababu si kila mfumo wa nambari unao. Geuza herufi zote ziwe kubwa na uangalie sana O na 0.

Na kaunti zetu mbili, Kitui na Makueni, zina nafasi ya kuongoza. Agizo la Rais nambari 2 la 2018 lilitaka taarifa za zabuni zilizotolewa zichapishwe. Basi kila jina la aliyeshinda zabuni, iwe ya barabara ya Mutomo au ya kiwanda cha matunda cha Kalamba, lifuatwe na nambari yake. Ni safu moja tu zaidi kwenye jedwali. Hakuna haja ya mfumo mpya wa mamilioni.

Kwa wengine wote, ushauri wangu ni wa sentensi moja ya kusema kwa adabu mnunuzi anapofika: "Karibu, keti, kunywa maji, na utuandikie hapa nambari ya usajili ya kampuni yenu." Mwenye nayo ataiandika bila kukasirika. Atakayekasirika, mzigo wako bado uko kwako.

Kama umewahi kutafuta kampuni na ukakwama, niandikie ulikwamia hatua gani. Nikipata visa vya kutosha nitachora hatua zote kwa mpangilio, na kwa Kikamba pia, ili tuwabandikie wazee pale sokoni.