Neutrofili zikiwa chache, si lazima uwe mgonjwa

Kuna jambo linalotugusa Waafrika wa huku Silver Spring na Bethesda, Marekani. Neutrofili ni zile chembe nyeupe zinazowahi kidonda, zikafia humo na kuwa usaha. Zikishuka chini ya 1,500 kwa maikrolita, maabara nyingi za Marekani hukuandikia herufi L, yaani chini, pembeni ya jibu. Basi unaanza kuzungushwa: leo damu tena, kesho uboho. Kumbe wengi wetu tumerithi chembe nyekundu zisizo na alama iitwayo Duffy, na mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa ya hesabu kuwa ndogo. Mtu wa hivyo haugui maambukizi zaidi kuliko jirani yake. Tena urithi huohuo humkinga kwa kiasi kikubwa na malaria aina ya vivax. Viwango vyenyewe vilitokana zaidi na damu za Wazungu, sasa tushangae nini? Mwombeni daktari kipimo cha Duffy, hasa kabla hajapunguza dozi ya dawa za saratani kwa sababu ya hesabu hiyo. Lakini ukishikwa na homa kali, usijitetee kwa Duffy, nenda hospitali usiku huohuo.