Doa Chini ya Gari

Gari la nyumbani kwetu limetembea kilometa 38,000 tu, nasi tulijivunia hesabu hiyo hadi asubuhi tulipoliona doa jeusi la oili uani. Fundi wa kwanza aliitupia injini jicho moja tu, akataka ishushwe yote. Fedha alizozitaja zilikuwa karo ya watoto ya muhula mzima.

Tulimwomba muda. Fundi wa pili aliiosha injini kwanza, akaiwasha, akangoja. Oili ikachuruzika kutoka juu, penye gasketi ya kifuniko cha injini: mpira ulikuwa umekauka, wavunjika kama ganda la ukwaju. Akatia gasketi mpya, na kabla ya alasiri tulikuwa nyumbani.

Hatukujua kwamba mpira huzeeka kwa miaka na joto, si kwa mwendo pekee. Magari ya mtumba kutoka Japani huweza kufika bandarini Kilindini yakiwa na miaka 7, hata kama kilometa ni chache (na hizo kilometa nazo, wapo wazirudishao nyuma).

Mama mwenye gari, tandika katoni chini ya injini usiku, uone kama kuna tone. Asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini haijawashwa, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena ukisome. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kutoka. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama pembeni uizime injini papo hapo, hata kama watoto watachelewa madrasa.