Kabla ya Kumwita Fundi

Mtandao wa kompyuta unapokatika shuleni, aghalabu chumba hufungwa, fundi hutumiwa ujumbe, na kipindi hugeuzwa kuwa cha kunakili maelezo ubaoni. Si ajabu fundi afikapo akakuta waya umelegea nyuma ya swichi. Fedha alizolipwa ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba wanafunzi wamenyimwa somo la sayansi lililokuwa mikononi mwao.

Maana kutafuta ubovu wa mtandao ni jaribio la kisayansi hasa. Swali huulizwa moja moja, kuanzia karibu kwenda mbali. Je, kijitaa kilichopo penye tundu la waya kinawaka? Kisipowaka, hutiwa waya mwingine unaojulikana kuwa ni mzima. Kikiwaka, huja zamu ya amri iitwayo "ping", iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi wa Desemba 1983. Jina hilo alilitoa katika mlio wa sonari, chombo kinachopeleleza vitu baharini kwa mwangwi. Kompyuta hupeleka ujumbe mfupi, ya pili huurudisha, na muda wa safari hupimwa kwa milisekunde.

Anwani ya kwanza kujaribiwa ni 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujiuliza yenyewe. Jibu lake halithibitishi lolote juu ya waya. Kisha huulizwa ruta ya shule, halafu kompyuta iliyo nje kabisa. Ikiwa ya nje hujibu kwa namba lakini haijibu kwa jina, waya hauna kosa: seva inayogeuza majina kuwa namba ndiyo ya kutazamwa. Hapa mwanafunzi hana budi kuonywa. Kimya si ushahidi kamili, kwani kompyuta nyingine zimeamriwa zisijibu "ping" ingawa ni nzima.

Hata muda wa jibu una fizikia ndani yake. Setilaiti inayoonekana kusimama juu ya ikweta iko umbali wa kilomita 36,000 hivi. Swali na jibu huikata njia hiyo mara nne, kwa hiyo karibu nusu sekunde hupita hata kila chombo kikiwa kizima. Shule inayotumia setilaiti ya namna hiyo na kulalamikia milisekunde 600 inaushitaki mwendo wa nuru.

Wako walimu wanaohofia kwamba wanafunzi wataharibu vyombo. Hofu hiyo ina msingi kwa upande wa umeme wa ukutani na mipangilio ya ruta, na hayo ni haki yaachiwe fundi. Lakini kutazama kijitaa, kubadili waya na kuandika amri moja hakuharibu kitu. Naye fundi akikabidhiwa daftari lenye saa, swali na jibu, ataanzia pale wanafunzi walipoishia.